Saa Moja ya Upande wa Mwezi

Baba alifunga swichi kwenye nyumba yetu ya Makoko, pembeni mwa mji wa Musoma, miaka mingi kabla umeme haujafika mtaani. Ilikuwa swichi moja tu, nene, ya rangi ya kahawia, yenye kidole kilichochomoza kama pua. Aliifunga sebuleni karibu na mlango kwa sababu, alisema, mtu akiingia gizani mkono wake lazima ujue pa kwenda. Hakuichagua. Miaka ile ya shida hukuwa unaenda dukani kuuliza bei. Ulikuwa unaenda kuuliza kama wamefungua. Sabuni tuliipata kwa foleni, saruji kwa kibali, na swichi ile ilivuka mpaka kwa magendo ndani ya mfuko wa unga, imelala katikati ya miswaki. Jirani mmoja alimuuliza baba anunue swichi ya nini na umeme hana. Baba akamjibu kwamba siku umeme utakapokuja, swichi zitakuwa zimeadimika.

Kwa hiyo tulikua na swichi isiyowasha kitu. Mama alipokuwa akiwasha koroboi jioni, mmoja wetu alikimbia mlangoni akabonyeza swichi wakati uleule kiberiti kinashika, na sebule ikawa kweli imewaka kwa mkono wetu. Tuliigombania. Tulijua juu ni kuwasha na chini ni kuzima, na ukilala ukiwa umeiacha juu mama anaona. "Zimeni hiyo, mtaichosha," alikuwa akisema, nasi tunaizima, tunakwenda kulala tukiwa tumebana matumizi.

Mama alifariki bila kuiona ikifanya kazi. Nilikuwa darasa la sita, mkubwa wa watoto watatu, na mdogo wetu wa kike alikuwa hajaanza hata kutamka maneno yakaeleweka. Nikaacha shule. Hakuna aliyeniamuru, asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji, kengele ya shule ikalia, nikaendelea kukoroga. Nguzo za umeme zilifika baadaye. Baba akapandisha kidole kile cha kahawia, taa ikawaka juu ya vichwa vyetu, akakishusha, akakipandisha tena, kisha akaketi mbali nayo kama mtu anayeogopa kuonekana amefurahi. Hakuitumia muda mrefu. Kifua kilichomsumbua tangu alipokuwa akifanya kazi kiwandani kilimchukua, tukabaki mimi, wadogo zangu wawili, na swichi inayofanya kazi.

Siku ya kumaliza matanga walikuja ndugu kutoka Butiama, ambako ndiko asili yetu. Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyesimama kusema. Kwetu, nyumba ya marehemu ikikaa bila moto, ukoo huweka mtu wa kuishi humo. Watu wakisikia hivyo hudhani ni uonevu, lakini ni desturi na ina busara yake: nyumba isiyo na moto huingiwa na mchwa, popo na maneno.

"Nyumba hii ni yenu," alisema baba mdogo. "Mradi inawaka, hakuna wa kuwagusa. Ikizimika, ukoo utaweka mtu."

Wote waliokuwa pale walijua huyo mtu ni nani. Ni mwanawe wa kwanza, kijana mwenye mabega mapana ambaye wakati huo alikuwa anachimba dhahabu Buhemba, na mpaka hapo alikuwa amepata sururu. Mzee mmoja akauliza itakuwaje mimi nikiolewa, maana nyumba isije ikamfuata mume. Nikasema siolewi mpaka wadogo zangu wamalize shule na wawe na kwao pa kurudi. Wazee wakacheka kidogo, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amenichumbia.

Nyumba ikawaka. Nilikaanga samaki, nikauza nje ya geti la kiwanda, na kila jioni nikapandisha kidole cha kahawia ili mtaa mzima uone. Kisha ukaja wakati wa mageuzi. Redioni walisema soko sasa ni huru. Langu lilikuwa huru kuliko la wengine, kwani liliondoka kabisa: kiwanda kikapunguza watu, kikafunga geti, na wale waliokuwa wakinunua samaki wangu wakarudi vijijini kwao kuvua wa kwao. Mdogo wangu wa kiume alikuwa sekondari ya bweni, wa kike nilikuwa nimempeleka kwa masista, na wote wawili walikula chakula chao kwa jasho la kikaango. Nikafunga mlango, nikaenda Bunda kuuza mitumba.

Nilipanga chumba Kabasa, hukohuko Bunda. Mitumba haina subira. Robota likifunguliwa ukiwa hupo, wenzako wanachukua magauni wewe wanakuachia makoti ya baridi. Mwanzoni nilirudi Makoko kila wiki kuwasha taa na kufukiza moshi. Baadaye nikawa narudi nikipata nafasi. Nikamwomba mama jirani, muuza dagaa ambaye ukuta wake na wetu unaweza kupitisha kikombe cha chumvi, awe ananiwashia jioni. Aliwasha. Habari zikafika Butiama, na jibu likarudi haraka kuliko barua yoyote ya serikali: taa iliyowashwa na jirani ni taa ya jirani.

Siku moja ya mnada baba mdogo mwenyewe akatokea Bunda, ameleta ng'ombe. Alisimama mbele ya meza yangu, akachukua koti moja, akalipima kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Biashara inakuchangamkia, naona."

"Tunajaribu, baba."

"Hili koti ni la wapi?"

"Ulaya."

"Huko kuna watu wapana." Akalirudisha, akalikunja vizuri kuliko alivyolikuta. "Nilipita Makoko. Usiku. Nyumba ya kaka yangu ni nyeusi kama tumbo la mtungi."

"Nilikuwa huku."

"Najua ulikuwa huku. Si nakuona?" Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unanitisha siku zote. "Mwenzako amechoka kulala kwenye turubai kule Buhemba. Mwezi huu ukiisha na nyumba haiwaki, atahamia. Wala msiichukulie kama ugomvi. Ataitunza tu."

Watu wa kutunza tu niliwajua. Walikuwa wametunza shamba la mjane mmoja kwetu mpaka wakazikwa humo.

Ndipo nikaenda Musoma kununua swichi. Nilikuwa nimesikia kwa wanaotoka Mwanza kwamba kuna swichi zinazowasha taa zenyewe, mwenye nyumba akiwa hata safarini. Duka lilikuwa karibu na soko, na mimi nililijua tangu enzi za baba, wakati rafu zake zilikuwa na betri za tochi zilizovimba na picha ya kiongozi. Sasa rafu zilikuwa zimejaa hadi darini. Kulikuwa na swichi nyeupe, za rangi ya maziwa, zenye ukingo wa dhahabu, zenye taa ndogo nyekundu ya kukuonyesha swichi ilipo, ili usihitaji taa kutafuta taa. Nilisimama pale nikamwonea huruma baba, kisha nikajionea huruma mwenyewe, kwa sababu yeye kazi ya kuchagua hakupewa.

"Nataka inayojiwasha," nikasema.

Mwenye duka, mzee mnene aliyezaliwa Musoma na kuuzia mji mzima nyaya, aliweka tatu juu ya kaunta.

"Hii ya kwanza ni ya makofi," akasema. "Unapiga makofi, taa inawaka. Unapiga tena, inazima." Akapiga. Balbu iliyokuwa juu ya kichwa chake ikawaka.

"Na nisipokuwepo, nani apige?"

Akafikiri. "Hiyo ni kweli."

"Halafu nyuma yangu wanasali jumuiya. Wakifika kwenye wimbo wa pambio, nyumba yangu itakuwa disko."

"Basi chukua ya jicho." Akanionyesha kidude kama kifuniko cha chupa. "Hili linaona jua. Giza likiingia linawasha, kukicha linazima. Unalifunga nje, chini ya paa."

"Nje?"

"Nje ndiko kwenye jua, dada."

"Nje ndiko kwenye wezi pia. Na litawasha usiku kucha?"

"Usiku kucha."

Nyumba inayowaka usiku kucha mtaani kwetu ilikuwa na maana moja kati ya mbili: msiba, au pombe. Sikutaka baba mdogo aje na rambirambi, wala na chupa.

Ya tatu ilikuwa kisanduku cha kuchomeka kwenye soketi, chenye uso wa mviringo kama saa, namba kuanzia moja hadi ishirini na nne, na vijino vidogo pembeni. Nusu ya uso ilikuwa nyeupe, imechorwa jua. Nusu ilikuwa nyeusi, imechorwa mwezi. Hii niliipenda kabla hajaieleza. Mtu aliyeitengeneza alikuwa amejua kwamba siku ina pande mbili na akaziheshimu.

"Hii ni ya watu wa ofisi," akasema mwenye duka. "Unabonyeza vijino vya saa unazotaka. Saa ya kuwaka, saa ya kuzima. Uende zako hata Dodoma."

"Inaweza kuwasha na redio?"

"Kitu chochote chenye plagi. Redio, pasi, jiko. Ila pasi sikushauri, kama haupo."

Nikachukua hiyo, na taa ya mezani, na waya wa kurefusha wenye matundu mawili. Taa peke yake inaweza kusahaulika na mtu, nilifikiri. Lakini taa na redio ni watu wamekaa wanasikiliza taarifa ya habari. Mwenye duka akaichomeka dukani kwake, akaitegesha ilingane na saa yake ya ukutani, akaniambia nikifika niisogeze mbele kidogo kufidia njia. Mimi kazi yangu ingekuwa vijino tu.

Makoko nilifika jua likiwa limepanda, na nilikuwa na basi la kuwahi kurudi Bunda. Nikaichomeka sebuleni, nikaisogeza, nikaweka redio ya mbao ya baba na taa juu ya meza, nikavuta mapazia mepesi ili mwanga uonekane nje bila kuonyesha kwamba hakuna mtu. Kisha nikakaa mbele ya ule uso wa namba kama mtu anayefanya mtihani aliouacha darasa la sita. Nilitaka nyumba iwake saa moja jioni na izime saa nne, wakati watu wenye heshima wanapolala. Nikaitafuta moja. Ilikuwa pale, upande mweusi, karibu kabisa na mwezi. Nne nayo ilikuwa upande huohuo. Kama moja ingekuwa upande wa jua ningesita, nisingejua ni ya asubuhi au ya jioni; lakini mashine ilikuwa imenisaidia. Nikabonyeza vijino kutoka moja hadi nne. Kulikuwa na kitufe cha kujaribu. Nikakibonyeza, taa ikawaka, redio ikasema. Nikaridhika, nikafunga mlango, nikawahi basi.

Bunda nilifanya biashara kwa moyo mweupe. Jioni ikifika saa moja nilikuwa nikisema kimoyomoyo, sasa hivi nyumba yetu inawaka, sasa hivi wanasikiliza habari. Wanaosikiliza ni kina nani sikujiuliza.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha mama jirani alipokuja mnadani kuuza dagaa. Aliacha kapu lake kwa mwenzake akaja moja kwa moja mezani kwangu, hata salamu akaisahau.

"We dada, ndani umemwacha nani?"

"Sijamwacha mtu."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi huyo Hakuna anasikilizaga redio saa saba za usiku."

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Sisi tulikuwaga tumezoea giza lako," akasema. "Giza halina neno. Sasa katikati ya usiku taa inawaka yenyewe, halafu inaanza sauti. Siyo nyimbo, siyo habari. Shhhh. Kama watu wengi wananong'ona. Inaendelea mpaka jogoo wa kwanza, halafu kimya, giza. Mume wangu amehamisha kitanda upande wa pili."

"Ni redio, mama. Stesheni inakuwa imefunga."

"Na redio inafunguliwa na nani?"

Nikaanza kuhesabu. Nilivaa saa ya baba mkononi. Mshale ukiwa kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Ukiwa kwenye moja, tunasema saa saba. Nimeishi na jambo hilo tangu kuzaliwa. Tunalijua sana hata hatujui kwamba tunalijua. Mashine haikuambiwa. Yenyewe ilihesabu siku kuanzia katikati ya usiku, wakati watu wote wamelala na hakuna wa kuiona siku ikianza, na moja yake ilikuwa kweli upande wa mwezi, kama ilivyochorwa. Haikunidanganya popote.

"Halafu wiki hii imebadilika," akaendelea mama jirani. "Imeanza kuamka alfajiri. Juzi imewaka mchana kweupe, redio inaimba kwaya ndani ya nyumba yenye kufuli."

Hilo nalo nililielewa. Kulikuwa na mgawo wa umeme, na saa ile ilikuwa inakula umeme huohuo. Umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoachia, kama mzee aliyekatizwa hadithi. Kila mgawo ulikuwa unaichelewesha. Nyumba yetu ilikuwa inatembea kuizunguka siku polepole, na mtaa mzima unaitazama.

"Na yule mtoto wa baba yetu mdogo je?" nikauliza.

Hapo ndipo alipokaa, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na utamu.

"Hata mwezi haujaisha, alikuja na godoro. Akasema kesho anavunja kufuli, leo analala barazani. Nikampa na shuka. Asubuhi naamka, godoro lipo, shuka lipo, yeye hayupo. Nimesikia ametembea kwa miguu mpaka stendi bila viatu. Viatu navyo ninavyo mimi."

Baba mdogo hakuwa mtu wa kuacha jambo. Aliitisha kikao, na akataka kikae nyumbani kwetu, mchana. Alikuja na shangazi yetu, ambaye ni dada yao mkubwa, akaja na katekista kutoka Butiama, na mwanawe nyuma yao, amevaa ndala. Mimi nilikuwa nimetoka Bunda tangu asubuhi. Mashine nilikuwa sijaigusa, kwani nilitaka waione ilivyo.

Katekista alianza kwa sala, kisha akanyunyiza maji ya baraka kwenye kona zote za sebule. Alipofika kwenye soketi nikamwomba apite mbali kidogo. Akaniangalia kwa huzuni, akidhani amegusa penyewe.

"Baba," nikamwambia baba mdogo, "humu hakuna kitu kingine. Kuna hii tu." Nikachomoa kisanduku, nikakiweka mkononi mwake. Nikawaeleza yote, pamoja na vijino, na mwezi, na mgawo. Kikapita mkono kwa mkono. Shangazi akakiweka sikioni.

"Kwa hiyo hii uliiambia saa moja," akasema katekista.

"Niliiambia saa moja. Yenyewe ikasikia ya kwao."

"Nawe hukuiuliza?"

"Nilikuwa na basi."

Shangazi akanirudishia mashine. "Hata ungeiuliza ingekujibu kwa lugha gani."

Baba mdogo akakohoa. "Mimi nimefurahi kwamba marehemu wetu wamepumzika. Lakini tuseme ukweli. Nilisema nyumba iwake. Sikusema ijiwashe."

"Ulisema iwake," akasema shangazi. "Nilikuwepo, nilikuwa nagawa chai."

"Dada, moto ni mtu. Mashine haipiki."

"Na mwanao anapika?"

Mwanawe akatazama ndala zake.

"Ulituma neno," shangazi akaendelea, "kwamba taa iliyowashwa na jirani ni ya jirani. Nikasema sawa, ndugu yangu ana akili. Basi na iliyowashwa na mashine ni ya mashine. Mashine ni ya nani?"

"Yangu, shangazi," nikasema.

"Mashine ni ya mtoto wa marehemu. Mimi sioni kesi. Mnaniweka hapa na njaa."

Walibishana kidogo tena, kwa kuwa kikao kisichobishana huonekana hakikufanyika, kisha wakaamua. Taa ihesabiwe. Nyumba ibaki ya watoto mradi inawaka, lakini iwake saa za watu, isiwatie majirani hofu. Nikaichomeka tena, nikailinganisha na saa ya mkononi, nikahesabu mbele yao, mara hii kwa kizungu, nikapandisha vijino vyote, nikabonyeza kumi na tisa hadi ishirini na mbili. Katekista akahakikisha. Baba mdogo akanipa mkono na kuondoka akiwa amekunjua uso. Ningepaswa kujiuliza amefurahia nini.

Jibu lilikuja siku chache baadaye. Mgawo ulikuwa umepungua, nyumba ikawa inawaka jioni kama nyumba ya mwalimu mkuu, redio inatoa habari na matangazo ya vifo kwa sauti ya adabu. Mama jirani alirudisha kitanda chake upande wa kwanza. Watoto wakaanza tena kupita uani kwetu. Nilikuwa nimekuja Jumapili moja kufagia, nimefungua mlango wazi, nikamwona kijana wa baba mdogo anaingia getini na godoro kichwani.

"Shikamoo dada," akasema. Tunalingana karibu sawa, lakini siku hiyo alitaka niwe mkubwa.

"Marahaba. Umekuja kuchukua viatu?"

"Vile mama jirani ameshanipa." Akatua godoro, akaangalia sebule, akaangalia taa ya mezani, akaangalia redio. "Pamekuwa pazuri. Baba anasema nyumba ya hivi haifai ikae bila mtu. Kwa sababu sasa haina neno. Ilikuwaga na neno, sasa haina."

"Haina neno."

"Nitakuwa natunza tu."

Kumfukuza nisingeweza, ni ndugu, na kwetu ndugu aliyefika na godoro huwa hafukuzwi, hukaribishwa mpaka inakuwa kwake. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa shule. Nikamwona kwa mawazo akirudi, akigonga mlango wa baba yake, na mtu akiuliza kutoka ndani, nani wewe.

Nikapiga magoti mbele ya soketi. Nikapandisha vijino vya kumi na tisa na vya mbele yake. Kisha nikabonyeza moja, mbili, tatu, polepole, sauti yake ikisikika ndani ya sebule kama mtu anavunja vijiti.

"Unafanya nini, dada?"

"Natengeneza saa. Karibu ulale. Mimi naondoka na basi la jioni."

Akasogea, akainama, akaangalia ule uso wenye mwezi. "Hiyo ni ya saa saba usiku."

"Ndiyo."

"Najua ni mashine," akasema.

"Kweli ni mashine. Uliishika mwenyewe."

"Najua kabisa."

"Ukitaka unaweza kuichomoa."

Aliangalia plagi kwa muda. Nadhani alikuwa anajiuliza kama kitu kinaweza kuendelea kunong'ona hata baada ya kuchomolewa, na kama kikiendelea, yeye atakuwa wapi. Kisha akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri mjini, akabeba godoro lake. Nikamsindikiza hadi getini kama inavyopasa. Alipopotea kwenye kona nikarudi ndani, nikapandisha vijino vile, nikabonyeza tena kumi na tisa hadi ishirini na mbili, kama wazee walivyoamua. Sikuvunja amri ya kikao hata kwa usiku mmoja. Yeye hakurudi kuuliza. Baba mdogo naye, tulipokutana mnadani, alinunua lile koti pana la Ulaya na hakutaja nyumba, wala siku hiyo wala nyingine.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kiume alimaliza shule. Nilimpokea pamoja na mdogo wetu wa kike stendi ya Musoma, tukafika Makoko giza linaingia. Wa kiume ndiye aliyefungua mlango. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi ya baba, na kabla haujafika, kisanduku kikafanya tik, taa ya mezani ikawaka, redio ikaanza habari.

Alisimama na mkono hewani. "Dada, hata kuwasha huniachii?"

Nikachomoa. Sebule ikawa giza, redio ikakatikia katikati ya neno. "Washa," nikamwambia.

Akakipandisha kile kidole cha kahawia. Kikalia vilevile. Hakuna kilichowaka. Balbu ya darini ilikuwa imeungua, sijui lini. Tangu nilete mashine hakuna mtu aliyekuwa ameitumia. Akakishusha, akakipandisha, akakishusha, akakipandisha tena, nami nikawa napapasa kutafuta plagi.

"Zima hiyo," akasema mdogo wetu wa kike kutoka mlangoni, akiwa bado na sanduku kichwani. "Utaichosha."

Alikuwa mdogo mno mama alipofariki. Maneno hayo hakuyasikia kwake.